Nani Alimuuguza Hayawahusu?

Sogeeni karibu. Leo sina hadithi ya kuwaletea usingizi; nina kesi. Imekaa kichwani mwangu tangu kipupwe, nimeigeuza huku na huku, imenishinda. Kwa hiyo nawagawia. Mkubwa asikilize, mdogo asikilize, na mwenye kipaji cha kukata mashauri akate nikishamaliza, si kabla.

Milimani juu ya Tukuyu, mahali ambapo mvua haiombwi, anaishi mjane mmoja jina lake Tupokigwe. Sisi majirani humwita Mama Tusekile, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ana watu watatu wa karibu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Tusekile mwenyewe, binti mkubwa, ni karani wa kupima majani ya chai. Yeye alipewa mdomo ulionyooka. Kapu lako likiwa na kilo kumi na moja na nusu, atakutajia kumi na moja na nusu, hata kama wewe ni shangazi yake, hata kama unalia. Watu wanamheshimu sana. Hawamwaliki sana kula.

Ipyana, kitindamimba, alikuwa dereva wa bodaboda mjini. Yeye alipewa mkono usiojua kufumba. Mwombe buku, yaani elfu moja, atakupa mbili, halafu akuulize kama umekula. Katika maisha yake hakuwahi kuweka akiba yoyote isipokuwa ile pikipiki, aliyoilipia kidogo kidogo kwa miaka miwili mpaka ikawa yake.

Subilaga ni mkwe, mke wa mtoto wa katikati ambaye yuko Chunya kwenye machimbo ya dhahabu na huonekana nyumbani kwa msimu. Yeye alipewa mikono. Sijui niielezeje. Kitu kikishikwa na Subilaga hutulia, iwe mtoto mchanga, iwe ng'ombe anayerusha mateke.

Na alikuwepo wa nne: mbwa jike wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama, la pili limelala. Marehemu mume wa Mama Tusekile alimnunua akiwa kitoto, kwa bei ya mbuzi, na sisi majirani hatukumwacha apumue. Mzee mzima, tulisema, anaacha mbuzi anayeliwa ananunua mbwa? Naye hakugombana na mtu. Alimpa mbwa jina tu: Hayawahusu. Basi kila jioni tukawa tunamsikia akiita uani, “Hayawahusu! We Hayawahusu!” Kila mmoja akajua anayeitwa ni nani, na anayejibiwa ni nani. Nyumbani walilikatisha jina, wakamwita Haya.

Miaka ilipita. Siku moja ya mvua mzee alianguka shambani, chini kabisa kwenye mfereji. Haya alikimbia nyumbani, akamng'ang'ania Mama Tusekile upindo wa kanga, akamvuta mpaka akamfuata. Mzee alikutwa hai. Aliishi siku mbili zaidi, na katika siku hizo yeye na mkewe waliambiana yale ambayo wengi wetu tutaingia nayo kaburini. Ndiyo maana Mama Tusekile hupenda kusema, “Mbwa huyu alinipa siku mbili. Nani mwingine amewahi kunipa siku?”

Sasa tuingie kwenye kesi yenyewe.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Mama Tusekile aliteleza akitoka kukamua, akavunjika nyonga. Akapelekwa Mbeya, akapasuliwa, akawekwa chuma. Madaktari wakasema asirudi mlimani haraka. Akae kwa dada yake hukohuko Mbeya miezi minne, afanye mazoezi ya kutembea. Siku ya kwanza, kabla gari halijaondoka naye, aliwaita wale watatu dirishani.

“Ng'ombe sina wasiwasi, mtamkamua, maana maziwa ni hela. Ndizi mtazikata, maana mtakula. Ninayewausia ni Haya, maana yeye hana faida kwenu. Mtunzeni mpaka nirudi.”

Wakaitikia wote watatu. Nilikuwepo, nimeshika mkoba wake.

Mwezi haujaisha, Haya akaanza kunywa maji. Alikunywa ya kwenye sufuria yake, akaenda kunywa ya kuku, akarudi kulamba kwenye bomba. Halafu akakataa ugali. Halafu akawa anatapika asubuhi, na mdomo wake ukanuka kama kitu kilichosahaulika kwenye ndoo. Walimwita Daktari Mwaisumo, yule wa mifugo, ambaye miaka yote anatibu ng'ombe na nguruwe wetu. Alimpapasa Haya, akamfunua ufizi, akanyanyuka taratibu.

“Hizi naona ni figo. Lakini mimi kipimo sina. Mpelekeni Mbeya. Na niwaambie mapema, ni gharama.”

“Gharama kiasi gani?” Ipyana akauliza.

“Wengi nikiwatajia huniaga vizuri, wakaenda kutafuta jembe la kaburi.”

Ipyana hakutafuta jembe.

Hakuna basi la kumchukua mbwa anayetapika, kwa hiyo alikodi gari zima. Mbeya wakampima Haya damu, wakamtundikia dripu, wakamfungia vidonge vya aina tatu. Siku hiyo moja ilikula mapato ya mwezi mzima wa bodaboda. Na daktari wa huko alikuwa mkweli: figo hizi haziponi. Zinaweza kusukumwa zisonge mbele kidogo, kwa vidonge kila siku, maji ya dripu siku moja ndiyo siku moja hapana, na kipimo kila baada ya wiki mbili. Ukiacha, ameondoka ndani ya siku kumi.

“Mama anarudi baada ya miezi mitatu,” Ipyana akasema.

“Basi utanunua miezi mitatu,” daktari akamjibu. “Siwezi kukuuzia zaidi.”

Wiki ya kwanza alitoa mfukoni. Wiki ya pili aliazima kwa madereva wenzake kijiweni. Wiki ya tatu aliuza pikipiki. Hakumwambia mtu. Tulijua pale tulipomwona anapanda mlima kwa miguu, viatu vimejaa tope, mkononi kifuko cha dawa. Akaenda kufanya kibarua cha kupakia makreti ya maparachichi kwenye malori, yeye ambaye alikuwa bosi wake mwenyewe. Mabega yakachubuka. Nilimwona siku moja amekaa kwenye ngazi za duka, shati amelishusha, upepo umpoze ngozi.

Kijiweni walimcheka. “Ipyana, kweli umeuza pikipiki kwa sababu ya mbwa?”

“Hayawahusu,” akajibu.

Wakacheka zaidi, na yeye akacheka kidogo. Lakini msimwone mwepesi. Mtu aliyezoea kuendesha akirudi kutembea, ndipo anapojua barabara ina urefu gani.

Lakini dawa iliyonunuliwa bado haijawa dawa iliyonywewa. Hapo ndipo aliposimama Subilaga.

Vidonge vilikuwa vichungu. Alivisaga, akavichanganya na ndizi, Haya akavitema. Akavichanganya na mchuzi, akavitema. Mwishowe aliketi chini, akamweka Haya katikati ya magoti, akamfungua taya, akakitumbukiza kidonge nyuma ya ulimi, akamsugua koo mpaka ameze. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Kila baada ya siku moja alimchoma sindano kwenye ngozi ya mgongo, kisha akasimama ameinua chupa ya dripu juu kwa mkono, nusu saa, maji yaingie. Tulimshauri apige msumari ukutani aitundike. Alijaribu. Haya aliposogea sindano ilichomoka. Ilibidi chupa imfuate mgonjwa, na mwenye kufuata akawa yeye.

Alimpikia uji wa mchele na ute wa yai. Alimlisha kwa vidole. Kila alfajiri alifua matambara aliyolalia Haya kwenye maji yetu haya ya mlimani, yanayouma mpaka kwenye kiwiko.

Msimu huo wanunuzi wa maparachichi walikuja mapema. Subilaga huwa anapata vibarua vya kuchuma kwenye mashamba ya watu, na hela ya msimu mmoja humvusha mwaka. Safari hii hakuchuma hata tunda moja, kwa sababu Haya hakuweza kuachwa saa mbili bila kuchafuka. Mumewe akampigia simu kutoka Chunya.

“Mke wangu, nasikia siku hizi umekuwa nesi wa mbwa.”

“Mama aliniachia.”

“Alikuachia wewe peke yako?”

Kesho yake nilikutana na Subilaga bombani, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: “Jirani, ukimuuguza mtu, anakushukuru au anakutukana, yote ni mazungumzo. Huyu ananitazama tu. Jana nimekaa nikalia, na wala sikuwa nalia kwa ajili yake.”

Na Tusekile? Alikuwa anafanya nini siku zote hizo?

Alikuwa anapima. Kila Jumamosi alimtia Haya kwenye gunia safi, akamtundika kwenye mizani kama ile anayopimia majani, akasoma. Mara ya kwanza kilo kumi na tisa. Mwezi uliofuata kumi na sita. Kisha kumi na tatu. Wengine waliona mbwa anayemeza dawa. Yeye aliona mshale unarudi nyuma.

Kila Jumapili baada ya ibada Mama Tusekile alipiga simu, wakaiweka sauti kubwa, wote watatu wakaizunguka. Swali lake la kwanza halikuwahi kubadilika.

“Haya hajambo?”

“Hajambo, mama,” Ipyana anaitikia. “Anakula vizuri.”

“Hajambo, mama,” Subilaga anaitikia. “Anakusalimia.”

Tusekile alikaa kimya. Walikuwa wamemwomba. Ipyana alimwambia wazi, “Dada, mama amevunjika mfupa, usimvunje na moyo. Ukishindwa kudanganya, angalau nyamaza.” Na kwa Jumapili kumi, mwanamke ambaye hajawahi kumwongezea mtu robo kilo alinyamaza. Alikonda kuliko mbwa.

Jumamosi moja mizani ilisoma kumi na moja. Tusekile hakusubiri Jumapili. Alitoka nyuma ya banda la majani, akampigia mama yake.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba. Mbona leo?”

“Mama, Haya anaumwa figo. Ile ‘hajambo’ siyo kweli. Hatapona.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwezi uleule ulioondoka.”

“Kumbe kila Jumapili mlikuwa mnanidanganya.”

“Ndiyo, mama. Na mimi nilikuwa nimekaa hapohapo nasikiliza.” Kisha akasema lile ambalo hakuna mwingine angelisema. “Madaktari wako wamesema bado wiki sita. Haya hana wiki sita. Ana tatu, labda.”

Ipyana aliposikia, alifoka kwa mara ya kwanza katika maisha yake. “Umemuumiza mgonjwa ili upumue wewe! Akianguka tena kwa haraka je?” Hawakusemeshana kwa muda mrefu. Subilaga naye siku ile alimwinulia Haya chupa akiwa ameugeuzia ukuta uso.

Lakini Mbeya mambo yalibadilika. Dada yake Mama Tusekile ndiye aliyenisimulia. Yule mama aliyekuwa akibembelezwa kufanya mazoezi mara moja kwa siku, akawa anafanya mara nne. Anashika kile kitembezi cha chuma, anakwenda mpaka mwisho wa ukumbi, anarudi, machozi yanamtoka, anageuka tena. Ukimwambia pumzika, anasema, “Nimeambiwa wiki tatu.” Siku ya kumi na nane daktari alimtazama anavyotembea, akatikisa kichwa, akamwandikia ruhusa.

Alifika mchana, mvua nyembamba inanyesha. Haya alikuwa hajasimama kwa siku mbili. Gari lilipozima pale barabarani, lile sikio lililosimama likageuka. Akajiinua. Miguu ilimtetemeka kama ya ndama wa leo. Alipiga hatua moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akaanguka kifudifudi kwenye majani, mkia unapiga chini.

Mama Tusekile alikuwa amekatazwa kuinama. Alisimama na fimbo yake, amemwangalia mbwa wake aliye hatua chache tu, hawezi kumfikia. Kisha Ipyana akaleta kiti, Subilaga akambeba Haya akamweka mapajani mwa mama, na Tusekile akawashikia mwavuli. Hapo, mbele ya nyumba, kwenye mvua. Sisi majirani tulisimama kidogo, halafu kila mmoja akakumbuka ana kazi kwake.

Walipata siku tisa. Haya alilala miguuni pa mama, akala kidogo kutoka mkononi mwake, na siku mbili tatu hata alibweka. Mama Tusekile alikuwa akimsimulia, sijui mambo gani, kwa Kinyakyusa cha chinichini, siku nzima.

Siku ya kumi Haya alitapika damu. Akakataa maji, yeye aliyekuwa akinywa maji ya dunia nzima. Akawa anatoa sauti nyembamba bila kukoma. Mchana watu wanne walikaa chumba kimoja na sauti ile.

Ipyana akasema, “Nimeongea na daktari wa Mbeya. Kuna sindano nyingine. Ni ghali, lakini nitatafuta.”

Subilaga akasema, “Mimi mikono bado ninayo.”

Mama Tusekile alitazama ukuta.

Tusekile akasema, “Haya amemaliza. Tunaoendelea ni sisi.”

“Nani atamwita daktari?” Tusekile akauliza. Akawatazama mmoja mmoja. Ipyana akainama. Subilaga akaanza kukunja tambara ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. Mama akarudi kutazama ukuta. Basi Tusekile akachukua simu yake.

Daktari Mwaisumo alikuja na sindano ya kumpumzisha. Akauliza, “Nani atamshika?” Wengine walishatoka nje. Tusekile akapiga magoti, akakipakata kile kichwa, sikio lililosimama na lililolala, akasema, “Choma.” Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Alipotoka alikuwa na uso uleule wa kazini, akaomba jembe. Ipyana akalichukua mkononi mwake bila kumtazama, akaenda kuchimba.

Baada ya hapo nyumba ile ilikaa kama nyumba ambayo kila mtu amepungukiwa damu kidogo. Ipyana aliendelea na makreti. Subilaga mgongo ulikataa kunyooka, akawa anatembea kama mama mkwe wake. Tusekile alikuja kila Jumapili, akaketi, akaondoka.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja Mama Tusekile akawaita wote kwenye banda la ng'ombe, na mimi akaniita niwe shahidi. Alikuwa amesimama na fimbo yake karibu na mtamba, ndama wa yule ng'ombe wake wa maziwa, sasa amekua na ana mimba ya miezi mitano. Kwetu huku mtamba mwenye mimba ni mwanzo wa maisha. Akizaa tu, una maziwa, una samadi, una jina.

“Nimefikiri sana,” akasema. “Nilirudi nikamkuta Haya yuko hai, tukaagana. Kwa hilo sina cha kulipa. Lakini nina mtamba huyu, na nataka kumtoa kwa aliyemuuguza Haya. Msiniambie nimuuze niwagawie. Nikigawa vipande vitatu nitakuwa nimewalipa vibarua. Nataka nimkabidhi mtu mmoja, nimwambie mbele ya wenzake: ni wewe. Sasa kila mmoja aseme la kwake, na asimsemee mwingine.”

Ng'ombe alitafuna.

Ipyana alianza, macho yako chini. “Mama, mimi sikufanya kwa kutaka kitu. Lakini umeuliza. Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, nikakitoa. Kama nisingekitoa, Haya angekufa mwezi wa tatu, na mikono ya shemeji isingekuwa na dawa ya kushika. Nimechoka, mama. Nina miaka ishirini na tisa na ninapakia makreti na watoto wa shule waliofeli.”

Subilaga akafuata, sauti ndogo. “Mimi si wa tumbo lako, najua.”

“Nani amesema hivyo?” Mama Tusekile akamkatiza.

“Hakuna aliyesema. Mimi ndiye ninayejua. Lakini mama, Ipyana alileta dawa mara moja kwa wiki. Mimi nilimfungua mdomo mara tatu kwa siku. Pikipiki inanunulika. Huu mgongo sijui. Na msimu uliopita haurudi, na mwanao akirudi kutoka Chunya ataniuliza nilikula nini.”

Wakamgeukia Tusekile.

“Mimi mtamba simtaki,” akasema.

“Sikukuuliza unachotaka. Nimesema useme la kwako.”

Tusekile akavuta pumzi. “La kwangu ni kwamba nilikuambia. Nisingekuambia, ungekuja kwa wakati wako ukakuta udongo, na pikipiki yake na mgongo wake vingekuwa bure. Na la pili, nilimshika. Mlitoka wote. Mtu lazima awepo mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa ule.” Hapo sauti yake, ile ya mizani, ikakwama. “Mtamba mpe unayempenda. Mimi nataka tu uache kuniangalia hivi unavyoniangalia tangu siku ile.”

Mama Tusekile hakubisha. Ilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimeiona. Alishika nguzo ya banda, akasema nyonga inamuuma, tumwache akalale.

Mpaka leo hajaamua.

Tumeijadili kesi hii kituo cha maziwa mpaka maziwa yakakaribia kuganda. Wapo wanaosema ni Ipyana, kwa sababu bila fedha hakuna ugonjwa unaouguzwa. Wengine tungekuwa tumeshachimba. Wapo wanaomjibu kwamba hela hutolewa siku moja na mtu akalala, lakini mikono ya Subilaga haikupata siku hata moja. Mwanamume mmoja akasema Subilaga alikuwa nyumbani tu hata hivyo. Nusura amwagiwe maziwa. Wapo wanaosema Tusekile hakutoa shilingi wala hakufua tambara, atapewaje ng'ombe kwa kusema? Na mzee mmoja ambaye mkewe alikufa akiwa amefichwa ugonjwa wake akaweka ndoo yake chini, akasema, “Nyinyi hamjui bei ya kusema.” Akanyanyua ndoo, akaondoka.

Jana asubuhi Mama Tusekile alinijia mlangoni kwangu. Alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani. Mtamba amebakiza wiki chache azae, na hataki azae akiwa hana mwenyewe. “Jirani,” akaniambia, “wewe ulikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikimpa mmoja, wawili wataniona sikuwaona. Nisipompa mtu, wote watatu wataniona sikuwaona. Niambie.”

Nikamwambia anipe siku moja. Siku yenyewe ndiyo hii, na mnaona nilivyokaa.

Basi niambieni nyinyi. Mmoja alimwaga alichonacho, mmoja alitumika mpaka mgongo ukapinda, mmoja alisema na akashika pale wengine walipotoka nje. Kamba ya mtamba ni moja. Wewe ungeiweka mkononi mwa nani, na wale wawili wengine ungewaambiaje?